Daraja Hili Ni la Nani? Habari za Vilalo Vidogo vya Nchi ya Kamina

Mtu anayesafiri kwa miguu au kwa baiskeli katika nchi ya Kamina anajua jambo moja ambalo msafiri wa treni halijui. Urefu wa njia hauhesabiwi kwa kilometa tu, bali kwa vijito. Kilometa ishirini za mchanga zinapitika, hata kama ni kwa jasho. Lakini kijito kimoja chenye upana wa hatua sita, mvua ikinyesha, kinaweza kukulaza njiani.

Katika njia ninayopita kwenda kufundisha katekisimu kwenye vituo vya nje ya mji kuna kijito cha namna hiyo. Sitakitaja jina, maana nadhani kila msomaji anacho cha kwake. Kinajipinda kama nyoka, hata njia inakivuka mara tatu. Kwa hiyo kuna vilalo vitatu, ndiyo madaraja kwa usemi wetu wa Katanga, na kila kimoja ni cha namna yake. Cha kwanza ni magogo yaliyolazwa na kufunikwa udongo. Cha pili ni mabomba ya simenti, lakini maji yameyaacha mabomba na kujichimbia njia pembeni. Cha tatu kina kuta mbili za mawe zilizojengwa zamani, nazo zinasimama bado. Ila juu yake hakuna kitu isipokuwa mbao mbili za kupitia watu.

Mwaka huu, mvua zilipokwisha, watu wa vijiji vya jirani walikutana chini ya mwembe kusema habari ya kubadilisha vilalo hivi vyote vitatu. Mara maneno yakawa mengi. Wazee walisema, "Hiyo ni kazi ya Serikali." Vijana wakajibu, "Serikali tutaingoja mpaka lini?" Basi mama mmoja, aliyekuwa amekaa nyuma na mzigo wake wa mihogo, akauliza kwa upole, "Mimi nataka kujua neno moja tu. Daraja hili ni la nani?"

Hakuna aliyemjibu. Swali lake lilinifuata mpaka nyumbani, nami nikaona ya kuwa haliwezi kujibiwa pasipo kutazama nyuma. Ndiyo sababu nawaandikia habari hizi.

ZAMANI ZA WAFALME

Nchi ya Kamina ni sehemu ya nchi ya Waluba, nao Waluba walikuwa na ufalme mkubwa tangu zamani. Katika masimulizi yao ya mwanzo wa ufalme huo imo habari ya daraja. Husimuliwa kwamba Nkongolo, mfalme mkali, alitaka kumwua Kalala Ilunga, mtoto wa dada yake. Kijana akakimbia, akavushwa ng'ambo ya mto mkubwa kwenda kwa baba yake, Mbidi Kiluwe, mwindaji. Nkongolo alipofika ukingoni, wenye mitumbwi hawakukubali kumvusha. Basi akawaamuru watu wake kutengeneza njia ya mawe kukatisha mto. Kazi ile ikamshinda. Baadaye Kalala Ilunga alirudi na jeshi, na Nkongolo akaangamia.

Mimi si mwenye kupima masimulizi ya wazee kwa kilo na mita. Lakini naona wazee wetu walijua jambo: amri ya mtu mkali haitoshi kuwavusha watu.

Katika maisha ya kila siku watu wa zamani walivuka kwa mitumbwi penye maji mengi, na kwa miguu penye maji machache. Penye kijito waliangusha mti toka ukingo mmoja hata wa pili. Neno lenyewe latuonyesha: ulalo ni mti uliolala. Mwaka wa 1874 Mwingereza Cameron, aliyevuka Afrika toka pwani ya mashariki hata ya magharibi, alifika katika nchi ya Waluba akakaa miezi kadhaa kwa mfalme Kasongo Kalombo. Alikuja kwa miguu, na wapagazi wake vilevile. Kwa safari ya namna hiyo gogo moja lilitosha. Likioza, wenye kupita hapo waliangusha jingine. Hakuna aliyeuliza gogo ni la nani, maana aliyelikata ndiye aliyelipita.

RELI NA MOTOKAA

Halafu mambo yakageuka. Reli kutoka kusini ilifika Bukama, kwenye mto Lualaba, mwaka wa 1918. Kutoka Bukama iliendelezwa kupita Kamina na nchi ya Kasai mpaka Ilebo, mji ulioitwa wakati ule Port-Francqui. Njia hiyo yenye kilometa zaidi ya 1,100 ilifunguliwa mwaka wa 1928. Mwaka wa 1956 reli nyingine ilimalizika, toka Kamina mpaka Kabalo, ikatuunganisha na Kalemie kwenye ziwa Tanganyika. Hivyo Kamina ikawa njia panda ya reli.

Madaraja ya reli yalikuwa ya chuma na mawe. Yalikuwa na wafanyakazi wa kuyatazama, wenye mshahara, nyumba na zana. Hapakuwa na swali la mwenyewe: kampuni ya reli ndiyo mwenyewe.

Lakini pamba na mahindi hayaoti kando ya reli tu. Ilitakiwa njia za motokaa ziingie vijijini, na motokaa haipiti juu ya gogo moja. Ikawa lazima kulaza magogo manne, sita, au manane, kuyapanga sawasawa na kuyafunika. Nani alifanya kazi hiyo? Wanakijiji. Sheria ya tarehe 5 Desemba 1933 iliruhusu kuwatoza watu wa vijiji kazi za lazima mpaka siku 60 kwa mwaka. Mwaka wa 1942, kwa ajili ya vita, siku hizo ziliongezwa zikawa 120. Chifu alipewa amri, chifu akamwamuru kapita, kapita akawatoa watu. Tena vijiji vingi vilihamishwa toka mahali pao pa zamani vikapangwa kando ya barabara, ili Serikali ivione na barabara ipate watu wa kuitunza.

Wazee wetu husema, "Wakati wa Wabelgiji barabara zilikuwa safi." Ni kweli, hawasemi uongo. Majani yalifyekwa, mitaro ilizibuliwa, magogo mabovu yalibadilishwa. Lakini ukweli ni mtungi, haufai ukibebwa nusu. Aliyefyeka hakuwa na motokaa. Aliyebeba gogo begani aliacha shamba lake bila kupaliliwa. Alilibeba kwa kuogopa faini, kifungo, au kiboko. Serikali ile aliiita Bula Matari, mvunja mawe, jina alilopewa kwanza Stanley kisha likawa jina la dola nzima. Na kilalo alichojenga kwa mikono yake mwenyewe hakukiita chake. Alikiita daraja la Bula Matari.

Hapo ndipo ninapoona mzizi wa taabu yetu. Daraja lililotunzwa kwa hofu hutunzwa mpaka hofu iishe.

HOFU ILIPOKWISHA

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai mwaka uleule Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Waluba wengi wa kaskazini ya Katanga hawakukubali, vita ikaingia vijijini, na barabara ikawa silaha. Mwenye kukimbia alivunja daraja nyuma yake, na mwenye kungoja adui alivunja daraja mbele yake. Jambo lililojulikana duniani kote ni la mto Lufira, karibu na Likasi, mji ulioitwa zamani Jadotville. Askari wa Tshombe waliporudi nyuma waliyalipua madaraja ya mto ule, la barabara na la reli. Askari wa Kihindi wa Umoja wa Mataifa walivuka hata hivyo, wakipita juu ya mabaki ya daraja la reli, wakaingia mjini tarehe 3 Januari 1963. Siku chache baadaye utengano wa Katanga ukafikia mwisho wake.

Daraja kubwa likivunjika dunia nzima husikia, nalo hujengwa tena. Daraja dogo la kijijini likivunjika, anayesikia ni mwenye mzigo.

Serikali ya nchi huru haikukaa bure. Mwaka wa 1971 iliundwa Ofisi ya Barabara ya taifa, Office des Routes. Mwaka wa 1987 ikaundwa ofisi nyingine kwa ajili ya njia na mitaro ya mijini. Mwaka wa 2008 ukaundwa mfuko wa taifa wa kutunza barabara, uitwao FONER, unaopata fedha kwa tozo juu ya mafuta na malipo ya njiani. Lakini tazameni ukubwa wa kazi: barabara kuu za taifa na za mikoa ni kilometa zaidi ya 58,000, na njia za vijijini za kutolea mazao ni kilometa zaidi ya 86,000. Mwenye fedha kidogo na njia nyingi huanza na njia kuu. Ndiyo maana kijito chetu kimekuwa cha mwisho katika orodha, kama kimo katika orodha.

Wakati wa Rais Mobutu, katika miaka ya 1970, ilikuwako Salongo, kazi ya wote kwa faida ya wote. Jina lake lilikuwa zuri, na mahali pengine ilifanya kazi nzuri. Lakini watu waliitwa kwa majina na kutishwa, na mara nyingi waliona mkubwa akisimama kivulini huku wao wakifyeka. Kwa hiyo wengi waliihesabu kuwa kazi ile ile ya zamani iliyovalishwa nguo mpya. Mkono wa dola ulipolegea, Salongo ikaisha, na majani yakarudi barabarani. Baadaye vita ya miaka ya 1998 mpaka 2003 ilizidi kuharibu kilichobaki.

Sasa mmeelewa kwa nini hakuna aliyemjibu mama yule. Mara mbili watu wetu walifanyishwa kazi ya daraja kwa lazima. Wamejifunza kusema: daraja ni la mkubwa.

KOSA LANGU

Hapa lazima niseme habari yangu mwenyewe, ingawa hainipendezi.

Miaka michache iliyopita, katika kilalo kile cha magogo, gogo moja la katikati lilianza kuoza. Kwanza udongo ulishuka kidogo. Kisha ukatokea mwanya wa kuingia mguu. Mimi nilipita hapo kila juma. Nilishuka kwenye baiskeli, nikaibeba, nikavuka, nikasema moyoni, "Kesho nitawaambia watu." Kesho hiyo ilichukua miezi mitatu. Waswahili husema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hiyo niliwafundisha watoto, lakini mwenyewe sikuishika.

Usiku mmoja wa mwezi wa Januari waliniita. Mama mmoja mjamzito alikuwa amepatwa na uchungu tangu asubuhi bila kujifungua. Tukamweka juu ya kitanda cha miti, vijana watatu pamoja nami, tukaanza safari ya kwenda hospitali. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jioni. Tulipofika kijitoni, magogo yalikuwa yamechukuliwa. Maji yalifika kifuani, yakaenda kwa nguvu. Tulijaribu mara mbili tukashindwa. Tukangoja mpaka maji yapungue, na hapo ukingoni, karibu na alfajiri, mtoto akazaliwa. Alikuwa dhaifu mno. Nilichota maji ya kijito kilekile kilichotuzuia, nikambatiza. Jua lilipotoka alikuwa amekwisha kufa. Mama yake Mungu alimponya.

Sitaki kusema kwamba daraja lingemwokoa mtoto. Mwenye kujua hayo ni Mungu. Lakini najua kwamba gogo moja, watu sita, na asubuhi moja ya kazi, vingetosha kutuvusha. Wala sikuweza kumlaumu chifu wala ofisi yoyote, maana hao hawakupita pale kila juma. Mimi ndimi niliyepita.

KWA NINI KILALO KINAKUFA

Tangu siku ile nilianza kuuliza mafundi, na kutazama kwa macho. Nawaandikia niliyojifunza, maana twaweza kufanya kazi kwa moyo mwema na bado kujenga vibaya.

Kwanza, habari ya magogo. Mti haufi kwa uzito wa malori tu. Hufa hasa pale unapokutana na udongo, kwenye ncha zake mbili. Hapo unyevu hautoki, ukungu huingia, na mchwa hufuata. Tena sisi huharakisha kifo hicho tunapofunika magogo kwa udongo ili njia iwe laini, maana udongo huhifadhi maji ya mvua kama sifongo. Mti mwepesi hauwezi kukaa miaka mingi hivyo. Mubanga ni mti mgumu ambao mchwa hauwezi upesi, lakini nao wataka kuinuliwa: ncha zake zikae juu ya mawe, si juu ya udongo, na juu yake ziwekwe mbao ambazo hupitisha hewa na maji.

Pili, habari ya mabomba. Mabomba ya kilalo chetu cha pili hayakuvunjika, ni mazima hata leo. Kosa lake ni kwamba ni membamba. Bomba lenye upana wa sentimeta 60 halipitishi nusu ya bomba lenye sentimeta 120. Nafasi yake ni robo tu. Siku ya mafuriko, tena likizibwa na matawi, maji hukosa njia. Na maji yakikosa njia hayarudi nyumbani, huchimba ukingo. Basi kabla ya kuweka bomba, fundi mwenye akili huwauliza wazee, "Maji yalifika wapi mwaka ule mbaya kuliko yote?" Huweka alama pale, ndipo huanza kupima.

Tatu, habari ya kuta. Kilalo cha tatu kilipoteza sakafu yake, lakini kuta zimebaki, kwa sababu aliyezijenga alichimba msingi chini kuliko sakafu ya kijito, akapanga mawe makubwa mbele ya kuta ili maji yasiule mchanga wa chini. Madaraja mengi huanguka kwa kuchimbwa miguuni, wala si kwa kuvunjika mgongo.

MAWE YA KIGOMA NA MAWE YA AVIGNON

Katika kuuliza nilipata habari za jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Magharibi ya Uganda, na baadaye katika mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, mafundi wamejenga madaraja mengi madogo ya mawe kwa msaada wa Ubelgiji. Katika Tanzania kazi hiyo imeshikwa na TARURA, ofisi ya barabara za vijijini na mijini iliyoanza mwaka wa 2017. Madaraja hayo hayana chuma hata kidogo. Fundi husimamisha fremu ya miti yenye umbo la upinde, hupanga mawe juu yake kwa simenti, na mawe yakisha kushikana huondoa fremu. Tao hubaki limesimama. Kila jiwe linataka kuanguka, lakini jirani zake wa kulia na wa kushoto hulibana, hata uzito wenyewe ndio unaoliimarisha. Bei yake ni ndogo sana kuliko daraja la zege na nondo, maana mawe ni ya hapohapo, na sehemu kubwa ya fedha hubaki mikononi mwa wanakijiji waliofanya kazi.

Mtasema, "Kwetu mahali pengine ni mchanga mtupu, hakuna mawe." Ni kweli. Lakini tao hujengwa pia kwa matofali yaliyochomwa vizuri, na nani kati yetu hajui tanuri la matofali? Wamisionari Wafransisko, waliokabidhiwa nchi yetu tangu mwaka wa 1922, walijenga kwa tofali, na mafundi waliofundishwa nao waliwafundisha watoto wao.

Ufundi huu si mpya. Huko Avignon, nchini Ufaransa, kijana mchungaji wa kondoo, Mtakatifu Bénézet, alianza kujenga daraja la mto Rhône mwaka wa 1177. Watu walimcheka kwanza, kisha wakachanga fedha, na daraja likamalizika karibu na mwaka wa 1185. Lilikuwa na urefu wa karibu mita 900. Siku zile Wakristo walihesabu kujenga daraja kuwa tendo la huruma, kama kumlisha mwenye njaa, maana wasafiri wengi walikufa maji vivukoni.

Lakini sikilizeni na mwisho wake. Mto Rhône ulipofurika ulichukua tao moja, watu wakajenga tena. Ukachukua jingine, wakajenga tena. Katika karne ya 17 walichoka, wakaacha. Leo yamebaki matao manne tu, na watalii huja kuyapiga picha. Hata daraja la mtakatifu huanguka pasipo watu wa kulitunza.

JIBU LA SWALI

Basi, daraja hili ni la nani?

Sitasema ni letu peke yetu, wala Serikali isiulizwe. Mwenye pikipiki akinunua mafuta analipa tozo ya barabara; anayo haki ya kuuliza fedha yake inakwenda wapi. Mfanyabiashara anayelipa ushuru wa mahindi anayo haki hiyohiyo. Kuuliza kwa adabu na kwa maandishi si uasi, ni wajibu wa raia. Tena ziko kazi zisizofaa kujaribiwa na kijiji. Mto mpana wataka mainjinia, na daraja la chuma la Bailey, ambalo kila paneli yake ina kilo kama 260 na hubebwa na watu sita, halijengwi kwa kubahatisha.

Lakini kijito cha hatua sita si mto Lualaba. Naamini mwenye daraja ni yule anayeumia likivunjika. Huyo hawezi kungoja kuambiwa. Na asitumikishwe kwa fimbo, maana tumekwisha kuona mara mbili mwisho wa kazi ya fimbo.

Nilipowaambia watu maneno hayo katika mkutano wa pili, mzee mmoja alitikisa kichwa. "Mwalimu," akasema, "pasipo kulazimisha watu hawaji. Siku ya kwanza watakuja hamsini, siku ya pili kumi, siku ya tatu utakuwa peke yako na jembe lako." Nilimheshimu, maana amekaa duniani kuliko mimi. Nikamwuliza, "Baba, ulipokuwa kijana ulibeba magogo kwa ajili ya barabara?" Akasema, "Nilibeba." "Ulijua yanakatwa mangapi, na fedha ya kazi hiyo iko kwa nani?" Akacheka, akasema, "Nani angeniambia?" Ndipo mama yule wa mihogo akadakia, "Basi safari hii waambieni watu."

Tukakubaliana hivi. Kazi itaanza na kilalo cha tatu, kwa kuwa kuta zake ni nzima. Chatakiwa magogo matano ya mubanga na mbao za juu, yaweza kumalizika kiangazi hiki. Cha pili kitangoja fundi wa kupima matao, tukichoma matofali mapema. Kuhusu cha kwanza, magogo mapya yatawekwa juu ya mawe kwa muda, mpaka zamu yake ifike. Kamati ina watu saba, na watatu ni akina mama, maana wao ndio wabebaji. Kila fedha na kila mfuko wa simenti huandikwa katika daftari, na daftari husomwa mbele ya watu kila mwisho wa mwezi. Barua imepelekwa kwa wakubwa wa eneo na wa barabara kuomba fundi na ushauri. Na kila mwaka mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, itakuwako siku moja ya kuzibua matawi na kutazama miguu ya madaraja.

Kamati hiyo ina Wakatoliki, Wamethodisti na Wapentekoste. Kijito hakimwulizi mtu dini yake.

Jumamosi ya kwanza walikuja watu arobaini na mmoja. Ya pili, ishirini na sita. Mzee wangu alinitazama kwa jicho la pembeni, lakini alikuwa mmoja wa wale ishirini na sita, naye ndiye aliyetuonyesha mahali ambapo maji yalifika mwaka ule mbaya kuliko yote. Tulipiga msumari katika mti kuwa alama. Uko juu ya kimo changu.

Ndugu msomaji, kazi yetu haijaisha, nami siwezi kuwaahidi itakavyokuwa. Mvua za Oktoba ndizo zitakazosema. Lakini wewe pia unacho kijito chako. Kesho ukipita juu ya kilalo chake, usivuke tu. Simama, inama, tazama chini ya magogo. Ukiona mwanya wa kuingia mguu, usiseme kesho.